"Rudi baada ya miezi mitatu" si jibu la kila mtu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme jambo kuhusu sentensi moja ambayo sisi watoa huduma za upimaji wa VVU tumeizoea hata inatutoka kabla mteja hajakaa sawa kitini: "Majibu yako ni hasi, ila rudi baada ya miezi mitatu tuhakikishe." Safu za afya nazo huinukuu hivyo hivyo. Kwa aliyefanya ngono bila kondomu wiki iliyopita, sentensi hiyo ni sahihi kabisa. Kwa ambaye mara ya mwisho kujihatarisha ilikuwa mwaka juzi, ni kosa, tena kosa lenye madhara, kwa sababu linamwambia kwamba majibu aliyopewa ni ya muda tu. Atarudi baada ya miezi mitatu, ataambiwa maneno yale yale, na kila safari ataondoka na hofu aliyokuja nayo.

Watu hao ni wengi. Utamkuta mtu amepima mara nane: mara mbili damu ya mshipani, mara nne damu ya kidoleni, mara mbili kwa kipimo cha mate. Yote hasi, na usingizi bado hauji. Anauliza kama virusi vinaweza kujificha, kama damu yake ya kundi O inavikinga visionekane, kama mpimaji alikuwa amechoka siku ile, kama majina yalichanganywa. Baadhi ya maswali hayo ni ya maana na yana majibu. Mengine hayana jibu litakalomtosheleza hata apewe mara mia, na hayo dawa yake haiko maabara. Tuanze na yenye majibu.

Neno "hasi" husomwa pamoja na tarehe mbili: siku ya tukio la mwisho lenye hatari, na siku ya kupima. Virusi vikiingia mwilini huanza kuzaliana kwenye tishu, na kwa takribani siku 10 za mwanzo hakuna kipimo kinachoweza kuviona. Kisha hufurika kwenye damu. Vinavyotangulia kuonekana ni vinasaba vya kirusi chenyewe, halafu protini yake iitwayo p24, ambayo ndiyo antijeni, na mwisho kingamwili, yaani askari ambao mwili unawatengeneza kupambana nacho. Kila aina ya kipimo hutafuta kimoja au viwili kati ya hivyo, kwa hiyo kila aina ina kipindi chake cha dirisha: zile siku ambazo mtu ameshaambukizwa lakini kipimo bado kinasoma hasi.

Kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba hunasa maambukizi kuanzia kati ya siku ya 10 na ya 33. Kipimo cha maabara cha kizazi cha nne, kinachotafuta antijeni na kingamwili kwa pamoja katika damu ya mshipani, ni kati ya siku ya 18 na ya 45. Kipimo cha haraka cha aina hiyo hiyo kwa damu ya kidoleni ni siku 18 hadi 90. Vinavyotafuta kingamwili peke yake, ambavyo ni vitepe vingi vya haraka pamoja na karibu vyote vya kujipimia nyumbani, ni siku 23 hadi 90.

Namba hizo watu huzisoma vibaya. Mwenye hofu akiona "23 hadi 90" hudhani maambukizi yake yanasubiri siku ya 90 ndipo yajitokeze. Sivyo. Namba ya kwanza inaonyesha watu wa mwanzo wanapoanza kunaswa. Ya pili inaonyesha siku ambayo hata wale wanaochelewa sana wameshanaswa. Kati ya hapo wanaongezeka kila siku, na walio wengi wanakuwa wameshanaswa mapema kuliko mwisho. Kwa hiyo majibu hasi ya kitepe cha kidole katika wiki ya sita tayari ni habari njema nzito, ingawa hayajafunga mjadala. Majibu hasi ya kizazi cha nne, damu ya mshipani, siku ya 45 au baada yake, yamefunga mjadala. Siku ya 90 ikishapita, kipimo chochote kinachotambulika, kikifanywa sawasawa, kimefunga mjadala. Siku ya 91 na siku ya 400 ni sawa tu.

Usipojua ulipimwa kwa aina gani, tazama karatasi ya majibu. Ya maabara mara nyingi huandikwa Ag/Ab au "combo": hicho ndicho cha antijeni na kingamwili. Kama hakuna kitu kilichoandikwa na hakuna wa kumuuliza, chukua siku 90, hutapotea.

Je, ile miezi sita inayosemwa na watu inatoka wapi? Inatoka zamani. Kipimo cha kwanza cha kuchunguza damu kiliidhinishwa Marekani mwezi Machi 1985, na vipimo vya kizazi kile vilihitaji kingamwili ziwe nyingi ndipo vizione. Ushauri wa miezi sita ulikuwa wa tahadhari kwa vifaa vya wakati huo. Vifaa vimebadilika mara kadhaa tangu hapo, ushauri ukabaki vichwani mwa watu, na hata kwenye vichwa vya baadhi ya watoa huduma.

Jambo moja wengi huliruka: kurudia kipimo siku hiyo hiyo hakuongezi siku. Aliyejihatarisha siku 10 zilizopita akapima vitepe vitano vya kampuni tano tofauti, amepata habari ile ile mara tano, kwamba siku ya 10 ni mapema mno. Kinachokosekana ni siku. Vitepe anavyo.

Sasa kitepe chenyewe, maana wengine hofu yao imekaa hapo. Kabla ya kukifungua, pakiti isiwe imetoboka, tarehe ya mwisho wa matumizi isiwe imepita, na kisiwe kimekaa juani au ndani ya gari. Vitepe vingi vimetengenezwa vitunzwe kati ya nyuzi joto 2 na 30. Ndani kuna kifuko kidogo cha kunyonya unyevu. Kikikosekana, kitepe hicho si cha kutumia. Pakiti hufunguliwa wakati wa kupima, isifunguliwe asubuhi ikasubiri wateja wa mchana. Kidole husafishwa kwa spiriti na kuachwa kikauke, kwa sababu spiriti ikichanganyika na damu huiharibu. Hutobolewa pembeni mwa ncha ya kidole cha kati au cha pete. Tone la kwanza hufutwa. Tone la pili huachwa lijikusanye lenyewe, na mkono ukining'inizwa chini kwa muda huja bila shida. Kukamua kidole kwa nguvu huleta majimaji ya kwenye tishu pamoja na damu, ukapata tone kubwa lenye damu kidogo ndani yake. Mrija hujazwa hadi kwenye alama yake, usipungue. Halafu bafa, ile dawa ya kwenye kichupa: kichupa kishikwe wima, matone yahesabiwe kama maelekezo ya kampuni hiyo yanavyosema, na kamwe usiazime bafa ya kampuni nyingine eti zimefanana.

Kosa linalofanyika zaidi huwa kwenye saa. Kitepe fulani husomwa dakika ya 15, kingine dakika ya 20, na vyote vina mwisho wa kusomwa. Ukisoma mapema, mstari hafifu unaweza kuwa haujatokea. Ukisoma umechelewa, unyevu unakauka na kuacha kivuli cha kijivu mahali pa mstari wa kipimo. Kivuli hicho ndicho kinachowatesa watu. Mtu anajipima saa mbili usiku, dakika ya 20 anaona mstari mmoja tu, ule wa C unaoonyesha kwamba kitepe kimefanya kazi, yaani hasi, anapumua. Saa sita usiku anakitoa kwenye pipa la taka. Anakiweka chini ya tochi ya simu, anakiinamisha kulia, kushoto, anakipiga picha, anaikuza picha hadi inakuwa vidotidoti. Anachukua kisu anavunja kile kibao cha plastiki, anautoa ukanda wa ndani, na kweli, anaona kitu kama mstari. Kitu hicho si majibu. Kemikali zimeshakauka, na muda wa kusoma ulikwisha saa kadhaa nyuma. Majibu yalikuwa yale ya dakika ya 20. Lakini tusichanganye: mstari hafifu uliotokea ndani ya muda uliowekwa, hata uwe mwembamba kama uzi, unahesabiwa kuwa umetokea, na hapo ni kwenda kituoni kwa vipimo vya kuthibitisha.

Kuhusu mstari wa C tuseme ukweli wote. Usipotokea, kipimo hakikufanyika, hata kama upande mwingine kuna mstari. Ukitokea, katika vitepe vingi unathibitisha kwamba kimiminika kimepita na kemikali zinafanya kazi. Hauthibitishi kwamba damu iliyowekwa ilitosha. Kwa hiyo unapopimwa, tazama damu ikiingia kwenye tundu lake. Ni haki yako kutazama, na ni haki yako kusomewa kitepe kilichoandikwa jina au namba yako mbele ya macho yako. Hilo linaondoa ile hofu ya majina kuchanganywa kuliko maneno yetu elfu.

Kipimo cha mate kimeleta mkanganyiko wake. Hakitafuti virusi kwenye mate, na mate hayaambukizi VVU. Kinachokusanywa ni majimaji ya kwenye fizi, yenye kingamwili. Kijiti hupitishwa mara moja kwenye fizi ya juu na mara moja ya chini, bila kusugua huku na huku. Usile wala kunywa dakika 15 kabla, na usomaji wake ni kati ya dakika 20 na 40. Kingamwili kwenye majimaji hayo ni chache kuliko kwenye damu, kwa hiyo kinachelewa kidogo na kinakosea zaidi kikiwa mikononi mwa asiyezoea. Kilipoidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa matumizi ya nyumbani, majaribio yalionyesha kwamba kati ya watu 12 wenye maambukizi waliojipima wenyewe, mmoja hivi alipata hasi isiyo ya kweli. Ni kizuri kwa anayeogopa sindano au asiyetaka kuonekana kituoni. Kwa mwenye mashaka, hata hivyo, kipimo kimoja cha damu siku zikiwa zimetimia kinashinda vya mate vitano.

Halafu lipo swali hili, na ni swali zuri: "Mwenzangu alipopata chanya walimpima kwa vitepe vitatu. Mimi hasi wamenipima kimoja tu. Kwa nini nisirudiwe?" Tuchukulie watu 10,000, kati yao 100 wana VVU. Kipimo cha kwanza huchaguliwa kiwe kikali katika kunasa: angalau 99 kwa kila 100 wenye maambukizi. Kitawanasa 99, kitamkosa mmoja. Lakini kipimo kikali huwa na kelele. Tuseme kinawasingizia watu 2 katika kila 100 wasio na maambukizi. Kwa watu 9,900 hao ni 198. Waliotokea na mstari jumla ni 297, na wenye VVU kweli ni theluthi moja tu yao. Ungempa mtu majibu ya chanya kwa kitepe hicho peke yake? Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, tangu 2019, linataka vipimo vitatu mfululizo vikubaliane kabla mtu hajaambiwa ana VVU. Sasa tazama upande wa pili: waliosoma hasi ni 9,703, na asiye hasi kweli ni mmoja tu kati yao wote. Hasi haihitaji kitepe cha pili kwa sababu hesabu yake iko imara tayari. Na huyo mmoja huwa si bahati nasibu tupu. Mara nyingi ni mtu aliye ndani ya kipindi cha dirisha, au anayemeza dawa ambazo hakuzitaja.

Dawa, basi. Hapa wasiwasi una haki yake. Aliyetumia PEP, vile vidonge vya dharura vinavyoanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28, ahesabu siku zake za dirisha kuanzia kidonge cha mwisho, asizihesabu kutoka siku ya tukio. Anayetumia PrEP, yaani dawa ya kujikinga inayotumiwa kabla ya kujihatarisha, hasa ya sindano inayokaa mwilini kwa muda mrefu, aseme kabla ya kupimwa, kwa sababu maambukizi yakitokea dawa ikiwa mwilini kingamwili zinaweza kuchelewa. Hivyo hivyo kwa aliye kwenye matibabu mazito yanayoshusha kinga, kama baadhi ya dawa za saratani. Mtoto wa mama mwenye VVU aliye chini ya miezi 18 hapimwi kwa kingamwili, maana anazo za mama yake. Hupimwa vinasaba vya kirusi, na majibu hasi wakati bado ananyonya si ya mwisho.

Na mtu anayemeza ARV asijipime ili kuona kama amepona. Dawa zikishafubaza virusi, kingamwili zinaweza kupungua, hasa kwa aliyeanza dawa mapema sana, na kitepe, hususan cha mate, kinaweza kusoma hasi. Maambukizi yapo palepale. Wapo walioacha dawa kwa ajili ya mstari mmoja kukosekana, na virusi vikarudi kwa kasi. Hii ndiyo hasi pekee ambayo tungependa isiaminiwe kabisa, na ajabu ni kwamba ndiyo inayoaminiwa upesi kuliko zote.

Visivyoharibu majibu hasi: chakula, pombe ya jana, antibayotiki, vitamini, mafua, hedhi, kundi la damu, kukosa usingizi. Kuhusu virusi "kujificha", ni kweli kwamba VVU hulala ndani ya baadhi ya chembe za kinga ambako dawa hazivifikii. Lakini kitepe hakitafuti virusi vilivyolala. Kinatafuta kingamwili, ambazo mwili ukishaanza kuzitengeneza hubaki nazo kwa miaka. Vipimo vya sasa pia hutazama aina zote mbili, VVU-1 na VVU-2. Na CD4, yaani hesabu ya chembe fulani za kinga kwenye damu, si kipimo cha VVU. Hushuka na kupanda kwa sababu nyingi, na kuiona imeshuka kidogo hakubatilishi majibu hasi.

Majibu ya mwenza wako si yako, hasi wala chanya. Wapo wenza wengi wenye majibu tofauti walioishi pamoja miaka kabla ya kupima. Hilo si muujiza wala kosa la maabara: kwa tendo moja la uke bila kondomu na mtu mwenye VVU asiyetumia dawa, makadirio ni maambukizi 8 hivi kwa matendo 10,000 kwa mwanamke, na 4 kwa mwanamume. Kwa njia ya haja kubwa hatari ni kubwa zaidi, 138 kwa 10,000 kwa anayepokea. Vidonda, magonjwa mengine ya zinaa na wingi wa virusi hupandisha namba hizo, na matendo yakirudiwa hatari inajumlishwa. Anayemeza ARV na virusi vyake vimefubazwa hadi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Tunazitaja namba hizi kwa sababu tumeona watu wakiogopa zaidi busu, kikombe au kiti cha kinyozi kuliko kile walichofanya kweli bila kondomu.

Sasa dalili. Wiki mbili hadi nne baada ya maambukizi, baadhi ya watu hupata homa, koo kuwasha, vipele, viungo kuuma na mitoki kuvimba. Huisha zenyewe kwa siku au wiki chache. Wakati huo virusi damuni ni vingi mno, na kipimo cha kizazi cha nne kwa kawaida kinakuwa kimeanza kuona au kiko karibu sana kuona. Kwa hiyo dalili za mwezi wa tano, majibu yakiwa hasi baada ya siku 90, hazitokani na VVU. Zina chanzo kingine na zinastahili daktari: tezi la shingo, sukari, upungufu wa damu, kifua kikuu, au wasiwasi wenyewe, unaoleta moyo kwenda mbio, ganzi za vidole, kuharisha, jasho na kupungua uzito bila msaada wa kirusi chochote. Mtu anayebonyeza mtoki wa shingoni mara thelathini kwa siku atafanikiwa kuufanya uume. Ulimi unaotazamwa kila asubuhi kwenye kioo kwa tochi utaonekana mweupe, kwa sababu ndimi nyingi asubuhi huwa nyeupe.

Tena kuna kichekesho kichungu hapa. Mtu amepima VVU mara nane kwa sababu ya usiku mmoja, na hajawahi kupima kaswende wala homa ya ini B hata mara moja. Usiku ule ulikuwa na hatari zote hizo, na magonjwa hayo nayo yana siku zake za kuonekana. Kama unarudi kituoni, omba hayo.

Tumefika kwenye maswali yasiyo na jibu. Siku zimetimia, kipimo ni cha damu, hakuna dawa iliyomezwa, na bado moyo unasema "lakini je?" Hapo tunamwambia mtu waziwazi: hili sasa ni tatizo la wasiwasi, ni ugonjwa unaojulikana, unatibika, na kipimo cha tisa kitauzidisha. Utaratibu wake ni huu. Shaka inapanda, mtu anapima, anapata nafuu ya saa kadhaa au siku mbili, kisha akili inatafuta ufa mpya: tone lilikuwa dogo, muuguzi alikuwa anaongea na simu. Nafuu ile fupi ndiyo inayoufundisha ubongo kwamba njia ya kutoka kwenye hofu ni kupima. Kesho utaidai tena, na safari hii mapema zaidi. Mara nyingi chini yake kuna hatia: mtu amemsaliti mwenza, au amefanya alichoapa hatakifanya, na anasubiri adhabu ambayo kitepe kinakataa kumpa. Hatia hiyo inahitaji mahali pa kusemwa, na maabara si mahali pake.

Kinachosaidia ni hiki. Chukua karatasi moja, andika tarehe ya tukio, tarehe ya kipimo cha mwisho, aina ya kipimo na idadi ya siku kati yake. Shaka ikija, soma karatasi mara moja, ikunje. Usibishane nayo kichwani, maana shaka ina muda kuliko wewe. Vitepe visikae nyumbani. Hamu ya kupima, kubonyeza au kuperuzi simu ikija, iahirishe kwa kutazama saa, dakika 30 kwanza, baadaye saa nzima. Utaona inapanda, inakaa, inashuka bila wewe kufanya kitu. Kama unatazama ulimi mara ishirini kwa siku, wiki hii iwe kumi, ijayo tatu. Mwenza au rafiki unayemuuliza kila jioni "unadhani nitakuwa salama?" mpe ruhusa asijibu zaidi ya mara moja. Chagua mtaalamu mmoja, uachane na wengine wanne. Wiki nne zikipita hofu ikiwa bado inakula usingizi, kazi au ndoa, omba rufaa kwa wa afya ya akili. Tiba ya kuzungumza inayofundisha kukabili shaka bila kuikimbilia kwenye kipimo inafanya kazi vizuri kwa tatizo hili, na zipo dawa zinazosaidia, ila huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu. Mawazo ya kujiua yakija, usisubiri rufaa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na umwambie mtu wa karibu.

Kwa wenzetu watoa huduma tuna ombi. Kabla ya kutamka "rudi baada ya miezi mitatu," uliza maswali matatu: mara ya mwisho ilikuwa lini, hatari gani, na umetumia dawa gani. Akiwa na tukio la karibuni, mpe tarehe kamili ya kurudi, ukiihesabu kwenye kalenda mbele yake. Akiwa katika hatari inayoendelea, mpangie ratiba, mwambie ni kwa sababu ya yajayo, wala si kwa sababu majibu ya leo yana walakini, na mweleze kuhusu PrEP. Asiye na lolote kati ya hayo, mwambie: "Majibu haya ni ya mwisho. Kwa tukio lile huhitaji kupima tena." Wengine watalia. Wape muda.

Na kwenye kadi ya majibu, karibu na sehemu ya tarehe ya kurudi, tunapendekeza pawe na kisanduku kidogo cha kutia alama, kimeandikwa "Hahitaji kurudi".

Ni sisi,
Wahudumu wa maabara na washauri nasaha wa upimaji wa VVU